Tovuti ya Jirani na Ulimi Wetu

Akina mama wenzetu, tunaandika kutoka hapa Mkuu, Rombo. Bado tunaishi katikati ya migomba na kahawa, lakini siku hizi hata mama mwenye vyumba vinne vya wageni ana tovuti yake kwenye intaneti. Mwezi huu tunapenda kuwasimulia kosa ambalo tulilifanya sisi wenyewe, ili lisije likatokea kwenu.

Jirani yetu mmoja ana nyumba ndogo ya wageni. Hupata watu wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro kwa kuanzia lango la Rongai, na mwezi wa Desemba hupata familia zinazorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha wakati nyumba za wazazi zimejaa. Mwanawe alipokuwa likizo ya chuo alimtengenezea tovuti. Mama alikaa pembeni yake jioni nyingi akimwambia cha kuandika.

Siku moja baada ya ibada, tukinywa chai, alitoa simu akatuonyesha. Tuliona herufi za njano juu ya rangi nyeupe, maua ya waridi yanayozunguka, na wimbo ulioanza kuimba wenyewe. Hakutuuliza lolote. Sisi tukasema kwa sauti, "Dada, hii inaumiza macho. Siku hizi watu hawatengenezi hivi." Wenzetu wakacheka. Naye akacheka, lakini simu akairudisha kwenye mkoba polepole.

Wiki chache baadaye tuliifungua tena nyumbani, tukagundua kwamba namba ya simu iliyoandikwa pale ni ya laini aliyokwisha kuiacha siku nyingi. Tulimpigia, hakupokea. Tukamwandikia ujumbe kwamba tunataka kuzungumza habari za tovuti yake, hakujibu. Alidhani tunarudi na habari ya maua. Nasi tukaona aibu, tukanyamaza.

Mnajua kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Desemba ilipofika, familia moja ilipiga namba ile ikajibiwa na mtu asiyejua nyumba yoyote ya wageni. Wakatafuta pengine. Vitanda vya jirani yetu vililala vitupu Krismasi nzima, naye alikuwa akitegemea fedha hizo kwa ada ya Januari. Habari ilipomfikia alitufuata, akasema, "Dada, ungeniambia namba nisingekasirika. Siku ile uliniambia kwamba mwanangu hajui kazi."

Neno hilo lilituchoma, hasa kwa sababu sisi ni wauguzi na tulipaswa kujua. Kliniki ya watoto imetufundisha jambo hili kwa miaka mingi. Mama akileta mtoto ambaye uzito wake umeshuka, ukamwambia mbele ya foleni, "Mbona mtoto amekonda hivi?" mwezi ujao haji, na anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana tulifunzwa kumsalimu, kumuuliza anamlishaje, kumsikiliza, kusifu anachokifanya vizuri, kisha kumpa jambo moja au mawili anayoweza kuyafanya kwa vitu vilivyomo nyumbani kwake. Tulipoiona tovuti ya jirani, yote hayo tuliyasahau.

Basi tumejifunza kuyapanga tunayoyaona katika mafungu matatu, kama tunavyowapanga wagonjwa wanapofika.

Fungu la kwanza ni hatari. Hapa usingoje kuulizwa. Namba ya simu isiyo yake, namba ya malipo ya mtu mwingine, au tovuti iliyovamiwa ambayo sasa inampeleka mgeni kwenye kamari, ni mambo ya kusema siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo picha za watoto zilizowekwa pamoja na majina yao na shule wanayosoma bila wazazi kukubali. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inawahusu hata wanaofanya kazi njema. Lakini mpigie simu au mfuate nyumbani, mkiwa wawili tu. Na ujumbe wako utaje jambo lenyewe: "Dada, namba iliyo kwenye tovuti ni ile ya zamani." Kama tungeandika hivyo, angetusikia.

Fungu la pili ni mambo yanayopunguza kazi yake. Picha moja ya simu za leo yaweza kuwa na megabaiti 3 hadi 5. Ukiweka kumi, mgeni anapakua megabaiti 30 hadi 50, na mwenye bando dogo huondoka kabla hajaona chumba. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote kumi ni megabaiti 2 tu. Herufi za njano juu ya rangi nyeupe huwasumbua wazee na wenye macho dhaifu. Tena miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani. Na baadhi ya wapanda mlima hutoka huko. Simu ikitoa onyo kwamba tovuti si salama, tatizo mara nyingi ni cheti, na Let's Encrypt wamekuwa wakikitoa bure tangu mwaka 2015. Haya yote ni ya kweli, lakini yanaweza kungoja ruhusa. Muulize, "Nimeona kitu kidogo kinachoweza kukuongezea wageni. Nikuambie sasa, au siku nyingine?" Akisema siku nyingine, iwe siku nyingine.

Fungu la tatu ni mapenzi ya mtu: maua, rangi, wimbo. Hapo tunyamaze mpaka tuulizwe. Tukumbuke kwamba ukurasa wa kwanza kabisa wa tovuti duniani, aliouandaa Tim Berners-Lee kule Geneva kati ya mwaka 1990 na 1991, ulikuwa maneno matupu na viungo, bila picha hata moja, nao ulifanya kazi yake. Swali la kujiuliza ni kama mgeni amepata alichokuja kutafuta.

Mambo mengine mawili. Kliniki hatumwambii mama habari za himoglobini; tunamwambia damu imepungua. Basi tusimtishe mwenzetu kwa maneno ya seva na kache. Na tujiulize nani atakayerekebisha. Ushauri usio na mikono humwachia mtu mzigo ambao jana hakuwa nao. Kaa naye, ashike simu yake, aandike neno lake la siri mwenyewe bila wewe kulitazama. Tena kabla ya yote mtaje kwa heri aliyeitengeneza. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Nawe mama mwenye tovuti, mwenzako akikosea namna ya kusema, msamehe, kisha chuja maneno yake. Huenda ndani ya makapi kuna punje moja itakayokuokolea Desemba yako. Na mara moja kwa mwezi, mpe mtu simu yako afungue tovuti, aipige namba iliyopo, mwone inaita wapi.

Pasaka mwana wa jirani yetu alipokuja, tulikwenda kumwomba radhi mama yake mbele yake. Tulimsifu kijana, kisha tukauliza kama tunaweza kusaidia. Namba ilibadilishwa kwa dakika chache. Picha walizipunguza wenyewe jioni ile. Wimbo bado unaimba na waridi bado zinazunguka, nasi hatujasema neno. Wiki iliyopita mama huyo alituita akicheka: wageni wawili wamepiga simu, na yeye ndiye aliyepokea.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama na majirani zenu.