Sebene ya korali haihitaji mashine ya dola elfu moja

Mpiga solo anayeomba kanisa limnunulie mashine ya kuiga ampli, zile za kupita dola 1,000, anaomba kitu kisichomfaa. Na kamati inayopitisha kikapu kwa ajili hiyo inakosea mara mbili: kwa gitaa lenyewe, na kwa waamini, maana kwenye mabenchi ya Goma, Bukavu na Uvira wamekaa watu waliofika na kitenge kimoja na sufuria.

Kwanza gitaa. Helix ya Line 6, Kemper, Quad Cortex ya Neural DSP: hizo ni kompyuta. Ndani yake hesabu zinaiga namna ampli ya lampu inavyokwaruza sauti ikisukumwa sana, namna bafle yake inavyotetema, hata maikrofoni iliyosimamishwa mbele yake. Ni kazi ya ufundi mkubwa, hakuna wa kuidharau. Lakini uzuri wake mwingi uko kwenye ule mkwaruzo, na mkwaruzo ni chakula cha watu wa roki. Sebene inataka kinyume: sauti safi, nyuzi zinazosikika moja moja, mwangwi unaokwenda sawa na ngoma, korasi kidogo ili solo na mi-solo zisimezane. Docteur Nico alifariki mwaka wa 1985, Franco mwaka wa 1989. POD ya Line 6, iliyozieneza mashine za namna hii, ilitoka mwaka wa 1998. Nani amewahi kusema gitaa la Franco lilikosa kitu?

Sasa itazamwe pedali ndogo ya efekti nyingi, inayowekwa chini miguuni, kama Zoom G1 Four au Boss GT-1. Madukani Ulaya haifiki dola 300. Ina mwangwi, korasi, riverbu, na kipimo cha kutengenezea nyuzi. Na jambo ambalo wanaosifia mashine kubwa hawapendi kulitaja: nayo pia inaiga ampli. Inaiga kwa unyonge zaidi, ndiyo. Mtu mwenye vipokea sauti vizuri masikioni, chumbani peke yake, ataona tofauti. Ndani ya hema la ibada, juu ya bafle mbili zilizochoka na ngoma isiyopumzika, atakayeisikia ajitokeze.

Halafu umeme. Pedali hizo mbili zinaendeshwa na betri 4 ndogo, zile za rimoti. Helix kubwa inategemea umeme wa ukutani. Ukikatika katikati ya wimbo inazimika, na ukirudi korali inangoja iwake upya kama kompyuta yoyote. Na siku ya kuhama ghafla, siku ambayo familia nyingi hapa zinaijua vizuri, pedali ndogo inaingia kwenye mfuko wa nguo.

Watetezi wa mashine kubwa wana hoja moja nzito: inaingia moja kwa moja kwenye mikseri, kwa hiyo orkesta iliyoacha ampli zake njiani inaweza kupiga bila ampli. Ni kweli. Ila pedali ndogo nayo inaingia hapo hapo. Shida ni kwamba wengi hawawashi sehemu yake inayoiga bafle. Gitaa linalia kama nyuki ndani ya kopo, kisha lawama inaangukia bei ya pedali. Kwenye mikseri sehemu hiyo iwashwe, kwenye ampli ya gitaa izimwe. Somo hilo ni la dakika tano na halina mchango.

Mwenye studio anayerekodi kila siku na kulipwa, huyo anunue mashine kubwa kwa pesa zake, itamrudishia. Korali hairekodi kila siku, na pesa zake ni za mama anayeuza makala sokoni.

Kwa tofauti ya bei hizo mbili kamati inapata gitaa la pili, kebo zisizokatika na nyuzi za akiba. Kati ya vijana waliokimbilia mjini wamo waliokuwa wapiga gitaa kule walikotoka. Wanakuja mazoezini kila wiki, na kwa kukosa chombo wanapiga makofi tu.