NDEGE WA NCHI YETU: MIKESHA WAWILI

Mkesha ni ndege afukuaye majani makavu akitafuta wadudu. Wawili wa ukoo huu hawakupata bahati moja. Wa kwanza, mwenye mgongo wa kijivu na ngozi tupu ya manjano kuzunguka macho, hukaa katika vichaka vya nchi kavu, kama ile ya Buna. Huonekana tangu Ethiopia na Somalia hadi Tanzania, wala hayumo hatarini. Wa pili, mwenye kichwa cheusi, hukaa katika milima ya Taita peke yake. Misitu yake ilifyekwa kwa sababu ardhi ina rutuba. Palisalia vipande vidogo, kama Mbololo na Ngangao, naye akaingia hatarini kutoweka. Mkulima aulindaye msitu humlinda ndege huyo, na chemchemi zake mwenyewe pia.