Mtoto Aliyeukataa Mchuzi wa Nyanyake



Ndugu zangu wazazi, juma lililopita niliandikiwa na mama mmoja, asili yake Mombasa, ambaye sasa makazi yake ni Ruiru kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mwanawe, mvulana wa miaka 5, alizaliwa huko huko bara. Githeri ya jirani huila akaomba nyongeza, lakini nyanyake alipokuja kuwazuru na kuwapikia mchuzi wa nguru wa nazi, mtoto aliziba pua. Babake aliona haya mbele ya mamake, akamlazimisha. Mtoto akatapika juu ya mkeka. Tangu siku hiyo sahani ikitengwa tu, kilio huanza. Na nyanya amerudi Mombasa akiamini kwamba mjukuu amefunzwa kuwadharau watu wake. Mama anauliza: tukimwacha asile, je, hatutakuwa tunalea israfu na kiburi?

Kimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoandaliwa nyama ya kuchoma nyumbani kwa Bi Maymuna (R.A.). Alipoambiwa kuwa ni dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza iwapo ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, basi nafsi yake haikumridhia. Khalid akaivuta nyama akaila, na Mtume akimtazama. Hapana aliyelazimishwa, wala aliyelaumiwa. Ikiwa nafsi ya mbora wa viumbe ilifuata mazoea ya ardhi aliyokulia, vipi tumwandikie kiburi mtoto wa Ruiru ambaye pua yake haikukulia ufuoni?

Kiburi ni jambo jingine. Mtoto akisema chakula ni kibaya na kukisukuma, hapo akanywe, kwani Mtume hakupata kukitia chakula ila: alipokitamani alikila, na asipokitaka alikiacha. Kuacha ni ruhusa, kutia ila ni utovu wa adabu, na mtoto wa miaka 5 aweza kabisa kuufahamu mpaka huo.

Ama israfu, hiyo huanzia kwenye upawa wa mpakuaji. Mpakulieni kijiko kimoja. Akikiacha, kileni ninyi bila hotuba, na siku nyingine kirudi tena sahanini. Wataalamu wa lishe husema chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa mara 10 au zaidi kabla mtoto hajakizoea. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Wala msimpikie chungu chake peke yake, wala msimhonge peremende. Na chai na biskuti za saa kumi ziondoeni, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kushiba hana sababu ya kuonja kitu.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Binti yangu wa kwanza nilimsimamia na bakora mpaka amalize bamia. Leo ana miaka 27 na watoto wake, na bamia haziingii jikoni mwake.

Kwa jamaa walioko Thika, ambao watoto wao wametoka Lamu majuzi na wanarudi na njaa kwa kuikataa githeri ya shuleni, shida ni ile ile imegeuzwa. Ipikeni nyumbani kwa tui la nazi, siku baada ya siku mlipunguze tui. Na mwambieni mtoto kwamba managu ya sokoni ndiyo mnavu wa kwao, na terere ndiyo mchicha. Mboga ni zile zile, majina ndiyo mageni.

Lakini mtoto akipungua uzani, au akipaliwa kila amezapo, au akikataa karibu kila chakula, mchukueni kliniki pamoja na kijitabu chake. Hayo si ya nasaha wala ya bakora.

Nyanya naye apigiwe simu, aelezwe kisa cha dhabb. Akija tena Ruiru, amkalishe mjukuu kando ya mbuzi, amwachie atafune nazi inayokunwa. Mchuzi wa nguru utangoja.