Nani Alimuuliza Dereva?

Jumamosi moja nilialikwa shule ya msingi kushuhudia kampuni ikikabidhi madawati. Mambo yakawa yale yale: turubai, maji ya chupa meza kuu, mfano wa hundi mrefu kuliko mtoto aliyepewa kuushika. Wafanyakazi wamevalishwa fulana mpya, bado zina mikunjo ya pakiti. Dereva wao mmoja akaja kukaa karibu nami chini ya mwembe.

"Binti yangu anasoma hapa, mzee," akaniambia. "Madawati walau yapo. Shida ni vyoo. Wasichana wakubwa wanakimbilia nyumbani kujisaidia."

Je, aliwaeleza wakubwa wake? Akacheka.

"Nani kaniuliza? Tuliambiwa tu saa moja asubuhi tuwe kwenye basi."

Toleo hili linahusu uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, na kicheko cha dereva yule ndicho kilichotupa pa kuanzia. Kampuni huitafuta jamii mbali, ilhali jamii hiyo inaingia getini kila asubuhi na kitambulisho shingoni.

Tangu mwaka 2017, Sheria ya Madini ya Tanzania inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Ni hatua njema. Angalau kwenye karatasi, mwekezaji hajengi tena anachojisikia. Lakini mchimbaji anayeishi kijijini hapo, anayejua kisima kipi hukauka mwezi gani, hakuwekewa kiti mezani.

Kiti hicho si kigeni kwetu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na kwenye taasisi za umma mabaraza hayo yapo hadi leo, yakijadili hata bajeti. Kampuni binafsi inayotaka kusaidia jamii haina haja ya kununua ushauri ghali. Iitishe baraza.

Mameneja hutujibu kwamba wafanyakazi wakiulizwa watadai mishahara. Huenda. Na kama wapo vibarua ambao michango yao ya NSSF haijapelekwa, ni heri lijulikane kabla turubai halijafungwa. Ipo pia Jumamosi yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu. Anayepanda miti kwa kuogopa jina lake kukosekana kwenye orodha ya mahudhurio yuko kazini, hata fulana yake ikiandikwa "Tunajitolea". Hiari yashinda utumwa, na hiari huanza kwa kuulizwa.

Basi aulizwe dereva, mhudumu wa usafi, mlinzi wa zamu ya usiku. Tena aulizwe mapema, fedha ikiwa haijapangiwa kazi, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Siku ile tulipoondoka, madawati mapya yalikuwa yamerundikwa barazani kwa sababu madarasa yalishajaa. Dereva akawasha basi. Binti yake alikuwa ameshakimbilia nyumbani.