Mikopo ya Halmashauri Ifuate Kusi na Kaskazi

Halmashauri ya wilaya haikuwekwa kwa ajili ya kukusanya ushuru na kufagia soko tu. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na tangu zilipoanza tena kazi mwaka 1984 wananchi wamezitarajia ziwainue kiuchumi. Kwa ndugu zetu wa Mafia matarajio hayo ni makubwa zaidi. Kijana wa Kilindoni au Jibondo akikosa kazi hawezi kupanda basi asubuhi, akaitafute wilaya ya jirani, na kurejea jioni.

Chombo ambacho halmashauri inacho mkononi ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaziagiza halmashauri za Tanzania Bara kuitenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kubainisha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2024 ikaruhusiwa tena, halmashauri 10 zikijaribu utaratibu wa kupitia benki. Hatuna ugomvi na tahadhari hiyo, maana fedha hizo ni za umma.

Lakini lipo kosa jingine, lisilo la wizi, ambalo mkaguzi hawezi kulikuta vitabuni. Marejesho yakipangwa kwa kila mwezi, kama ya mwenye duka, mvuvi amekwisha kuhukumiwa kabla hajatweka tanga. Visiwa hivi vina miezi yake. Kusi likichachamaa, ngalawa hukaa pwani siku nyingi, na mwenye ngalawa hana kipato. Mkulima wa mwani naye huvuna baada ya wiki sita hivi, si kila mwisho wa mwezi. Kikundi kilichoshindwa kulipa mwezi wa Julai hakiwi cha wadanganyifu kwa sababu hiyo tu. Afisa maendeleo ya jamii anayeishi nao analijua hilo. Ratiba ya mkopo hailijui.

Tena, mkopo peke yake hautoshi. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 1 hutenga milioni 40 kwa vijana. Zikigawiwa vikundi 20, kila kimoja hupata milioni 2, ambazo hazinunui hata mashine mpya ya boti. Na tuseme mashine imepatikana, samaki wakaongezeka: wakifika katika diko lisilo na barafu, watauzwa kwa bei ya mchuuzi aliyekuja na barafu yake. Hapo wavuvi watakuwa wamekopa ili kumneemesha mchuuzi. Wala hatumlaumu, kwani yeye amefanya biashara.

Nazi nazo ni hivyo hivyo. Mafia ina sifa ya minazi tangu enzi za mababu, lakini nazi ikipakiwa nzima kwenda Dar es Salaam, kazi ya kukausha mbata, kukamua mafuta na kusokota kamba za makumbi imepakiwa pamoja nayo. Halmashauri imepata ushuru wake; kijana aliyebaki gatini amepata ujira wa kupakia.

Mtambo wa barafu, vichanja vya kukaushia mwani na dagaa, na banda la kukamulia mafuta ni vitu ambavyo kikundi cha watu watano hakiwezi kuvijenga kwa mkopo. Halmashauri inaweza, kwa bajeti yake ya maendeleo, pasipo kuigusa ile asilimia 10. Vikijengwa, mkopo mdogo utakuwa na pa kushikia.

Kwa hiyo tunawaomba waheshimiwa madiwani, watakapokaa kupitisha bajeti, wadai fungu la barafu kabla ya fungu la safari na semina. Majina ya vikundi vilivyokopeshwa yabandikwe katika ofisi za vijiji, ili kila mtu aone nani amechukua na nani amerejesha. Nao wakuu wa TAMISEMI waziruhusu halmashauri za visiwani kupanga marejesho kwa misimu ya bahari, na waraka wa ruhusa hiyo utoke kabla kusi lijalo halijaanza kuvuma.