Uchambuzi: Ndege ya jeshi ikianguka, uvumi hutangulia kufika

Tarehe 2 Januari 2024 helikopta ya kivita ya jeshi la Uganda, UPDF, iliangukia nyumba wilayani Ntoroko. Wahudumu wake wawili walifariki, pamoja na raia mmoja. Tarehe 2 Julai 2025 nyingine ya jeshi hilohilo ilianguka katika uwanja wa ndege wa Mogadishu na kuua watu watano. Katika ajali za namna hii taarifa ya kwanza huwa fupi: aina ya chombo, mahali, na ahadi ya uchunguzi. Yaliyosalia wananchi hujijazia wenyewe.

Wakazi wa Arua na Koboko wana sababu ya kuyajua haya kuliko wengi. Tarehe 30 Julai 2005 helikopta ya Rais Yoweri Museveni, aina ya Mi-172, ilianguka kusini mwa Sudan ikiwa imembeba John Garang, aliyekuwa ameapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan wiki tatu tu kabla. Wahudumu saba wa Uganda walikufa pamoja naye na wenzake sita. Mjini Khartoum zilizuka ghasia zilizoua makumi ya watu. Wakati huo kambi za Rhino Camp na Imvepi, upande wa Arua, zilihifadhi wakimbizi wa Sudan. Kwao kifo hicho kilikuwa msiba wa nyumbani.

Siku chache baadaye Museveni alihutubia waombolezaji mjini Yei, mji unaofikiwa kwa barabara itokayo Koboko kupitia Oraba na Kaya. Alisema huenda ilikuwa ajali, na huenda ilikuwa jambo jingine. Alitaja uwezekano wa rubani kutaharuki, upepo, hitilafu ya vyombo, au sababu kutoka nje.

Hapa ndipo penye uzito. Kauli ya Kiingereza ikipokewa kwa Kiswahili, kisha Kikakwa, Kilugbara au Kinubi, neno la kwanza kudondoka njiani ni "huenda". Msikilizaji wa tatu husikia kwamba lipo jambo jingine, wala hajatunga uongo. Na safari hii mbegu ya shaka ilitoka kwa mkuu wa nchi mwenyewe.

Ajabu ni kwamba waliotiwa hatiani machoni pa serikali walikuwa wengine. Mwezi Agosti 2005 redio KFM ya Kampala ilifungwa kwa muda baada ya mjadala kuhusu kifo hicho, na mtangazaji Andrew Mwenda akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kosa hilo la uchochezi.

Uchunguzi ulipokamilika mwaka 2006 ulielekeza lawama kwenye kosa la rubani, katika mwonekano hafifu. Lakini miezi ilikuwa imepita, na aliyeshawishika mwezi Agosti hakuwa na haja kubwa ya kusikia jibu la mwaka uliofuata. Kwa jamaa wa marehemu wa Ntoroko hali si tofauti sana: wanachotaka kujua ni kwa nini chombo hicho kilipita juu ya paa lao, na nani atawaambia, kwa lugha wanayoielewa, kabla jirani hajawaambia.