Maji ya Costilla
Anayekusudia kujenga mastakimu yake mbali na nyaya za umeme na mabomba ya serikali katika wilaya ya Costilla, kusini mwa jimbo la Colorado huko Marekani, aghalabu huvutwa na urahisi wa viwanja, vilivyokatwa ekari tanotano na kuuzwa hata kwa watu wasiopata kuviona, asidhukuru maji. Bonde lile la San Luis, lililoinuka mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, lina jua tele la kuendeshea mitambo ya umeme. Walakini mvua yake ni haba mno, na maji ya mto yana wenyewe, kwani haki ya mfereji wa mji wa San Luis, ya mwaka 1852, ndiyo kongwe kuliko zote jimboni, na hata maji ya paani, kwa sheria ya 2016, nyumba nyingi zimepewa ruhusa ya kuyakinga kwa mapipa mawili tu, yasiyozidi galoni 110 kwa jumla. Basi mnunuzi na aulize kwanza habari za kisima: kibali chake, kina chake na gharama ya kukichimba; kisha kanuni za maji machafu, na barabara wakati wa theluji. Nami naona ni dhuluma iliyo dhahiri kumuuzia mtu mwenye aila kiwanja kikavu pasipo kumwambia hayo.